Dada, madevelopa wangu wamekua wazito, niwabane vipi?

Shikamoo dada,

Naomba jina langu lihifadhiwe maana bosi na wenzangu wa kazini wanakusoma. Mimi ni developa (mwandishi wa programu za kompyuta) wa miaka 9 sasa, na miezi 8 iliyopita nilipandishwa kua kiongozi wa timu, watu 7, na mimi wa 8. Nilipandishwa kwa sababu nlikua natoa kazi fasta kuliko wote, ukinipa tatizo jioni asubuhi unakuta limeisha, bas wakaona nikishika timu basi timu nzima itakua hivo. Dada, haijawa hivo.

Miezi 4 iliyopita yalitukuta. Kuna kijana wetu junia alikua anajaribu skripti (programu fupi) ya kusafisha taarifa za wateja, akadhani yuko kwenye seva ya majaribio kumbe yuko kwenye seva yenyewe wanayotumia wateja, anwani za watu zikafutika zote. Tulizirudisha kwa bekapu baada ya masaa 5, na yale masaa 5 sitayasahau. Bosi alimsema yule kijana mbele ya watu wote kwenye kikao cha video mpaka kijana akashindwa kuongea, na mimi nlikua palepale nimekaa kimya. Siku ile nikajiapiza hakuna kitu kitaenda hewani kwa wateja tena bila kupita kwenye macho yangu.

Toka hapo kila PR (ombi la developa la kuingiza mabadiliko yake kwenye programu) narivyu mimi, yaani naipitia kabla haijakubaliwa, kila moja, hata ya mistari 3. Mchana nina vikao kwa hiyo nafanya usiku, kulala ni saa 7 saa 8 huko, na bado nina kazi zangu mwenyewe za kuandika kodi (ile mistari ya programu) maana zile ngumu huwa nazichukua mimi ili ziishe haraka. Badala ya mambo kunyooka ndo yamezidi kua mazito. Sa hizi tuna kazi 20 zimefunguliwa na kwa wiki tunamaliza 4 tu. Kitu cha siku 2 kinakula wiki 2. Nikiuliza naambiwa "nakaribia kumaliza." Nikipita nawaona wameshika simu. Yule kijana ndo kabisa, hawezi kugusa kitu bila kuniuliza, hata kubadili rangi ya kitufe lazima anitumie ujumbe kwanza.

Bosi naye ameweka programu inayohesabu kila developa kaandika mistari mingapi ya kodi, kakomiti (kahifadhi mabadiliko ya kodi kwenye mfumo) mara ngapi na kibodi imekaa dakika ngapi haijaguswa. Kila Ijumaa inatoka orodha, wa kwanza mpaka wa mwisho, na naambiwa niisome mbele yao. Kuna dada kwenye timu ndo senia kuliko wote, amekua wa mwisho wiki 3 mfululizo, na mimi najua kabisa ndo anayewakwamua wenzake wote wakikwama. Juzi kanivuta pembeni kaniambia ameshaanza kutafuta kazi kwingine. Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa bosi anasema ataniletea watu 3 wapya ili tuwahi dedilaini ya mwisho wa mwezi ujao. Nakuuliza dada, niwabane vipi hawa watu bila kua dikteta? Ile orodha niitumie? Wale 3 niwapokee? Na nakuomba uniambie ukweli, hivi mimi hii kazi naiweza kweli au nirudi kuandika kodi tu? Nimekuambatanishia historia ya kazi moja, kitufe cha mteja kubadili namba yake ya simu, nimeitoa kwenye mfumo kama ilivyo ili uone watu wangu walivyo wazito.

Mdogo wako,
Kiongozi Niliyechoka

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana mtu anayelala saa 8 kila siku kwa ajili ya timu yake hajaacha kujali, na barua yako nimeisoma mara 3. Ila nimefurahi zaidi kwamba umeniletea ile historia ya kitufe, kwa sababu umeniletea kama ushahidi wa uzito wa watu wako na mimi nimeisoma nikakuta kitu kingine kabisa. Naomba tukae nayo taratibu, mimi na wewe, kabla sijajibu swali lolote.

Kazi imeanzwa Jumatatu saa 4 asubuhi. Jumanne saa 6 mchana developa kamaliza, katuma PR, kakuomba rivyu. Hapo nimehesabu kama masaa 9 ya kazi, na kwa kitufe kinachogusa namba ya simu, inabidi ujumbe wa uhakiki uende, namba ya zamani ihifadhiwe, hayo masaa 9 ni ya mtu mzuri tena. Alafu kimya. Wewe umeifungua Alhamisi saa 5 usiku na ukaacha maoni 14. Nimeyasoma yote. 9 kati ya hayo ni majina ya vigezo na nafasi za mistari, 3 ni maswali ambayo majibu yake yako kwenye maelezo ya PR aliyoandika mwenyewe juu kabisa (nadhani ulikua umechoka hukuyasoma), na 2 ndo ya maana kweli, lile la namba iliyoshatumika na mteja mwingine na lile la ujumbe wa uhakiki kuisha muda. Ijumaa asubuhi developa kakaa nayo masaa 2, saa 5 karudisha. Kimya tena mpaka Jumatano ya wiki inayofuata ndo umeikubali. Testi (majaribio yanayoikagua programu yenyewe) zikafeli sehemu ambayo haina uhusiano wowote na namba za simu, Alhamisi akaziendesha tena mara 2 zikapita bila yeye kubadili herufi hata moja, na kwa kua mnaweka vitu hewani Jumatatu tu, ikasubiri mpaka Jumatatu.

Wiki 2 kamili. Siku 10 za kazi, yaani masaa 80, na ndani yake mikono ya mtu imeigusa masaa 11. Hayo mengine 69 kitufe kilikua kimekaa foleni, na sehemu kubwa ya ile foleni, mdogo wangu, ni kwenye mlango wako.

Sikwambii hivi kukuumiza. Nakwambia kwa sababu swali lako ni "niwabane vipi" na ukiwabana watu ambao kazi yao inasubiri, unachopata ni watu waliobanwa na kazi inayosubiri. Hebu fikiria hata huyo developa angekua na kasi mara mbili, amalize kwa masaa 5 na nusu badala ya 11, kitufe kingetoka lini? Jumatatu ileile. Na wakati PR yake imekaa kwako yeye afanye nini? Anafungua kazi nyingine. Nayo anaimaliza inakuja kukaa kwako, anafungua ya tatu. Ndo maana una kazi 20 zimefunguliwa na watu 7.

Kuna hesabu moja ya foleni ambayo msomi John Little aliithibitisha mwaka 1961, na ni rahisi mpaka inashangaza. Chukua idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni, gawa kwa vinavyotoka kwa wiki, unapata wastani wa muda ambao kila kimoja kitakaa humo. Wewe una 20, zinatoka 4, kwa hiyo kila kazi mpya unayoifungua leo itegemee wiki 5. Mngekua na kazi 8 zilizofunguliwa kwa mwendo huohuo wa 4 kwa wiki, ingekua wiki 2, hata kabla mtu yeyote hajaongeza bidii. Kwa hiyo kitu cha kwanza nachotaka ufanye kitakutisha, funga mlango wa kazi mpya. Hakuna kuanza kitu mpaka zilizofunguliwa zishuke mpaka 8 hivi. Mtu akimaliza cha kwake akakuta nafasi hakuna, asichukue kipya, akae na mwenzake wamalize cha mwenzake, arivyu, aandike testi zinazokosekana. Wiki ya kwanza itaonekana kama watu hawana kazi, na bosi atauliza. Vumilia.

Alafu rivyu. Hapa ndo naona pamefungamana na yule kijana na ile seva, na nadhani unajua mwenyewe. Toka siku ile hukuanza kurivyu kodi, ulianza kulinda ile siku isijirudie. Nakuelewa kabisa. Lakini hebu jiulize kwa utulivu, skripti ile ilipita kwenye rivyu ya nani? Haikupita popote, alikua anaijaribu tu. Hata ungekua unarivyu PR zote za dunia wakati ule, anwani zingefutika vilevile, kwa sababu kilichoziangusha ni kwamba junia alikua na funguo za kufuta taarifa za wateja halisi, na skrini ya seva ya majaribio inafanana na ya seva halisi. Umelijengea ukuta dirisha ambalo mwizi hakupitia, na mlango aliopitia sidhani kama mmeufunga. Nenda kaangalie leo nani ana ruhusa ya kuandika kwenye databesi ya wateja. Ziondoe, ziache kwa watu 2 na tena kwa kuombwa kwa muda. Skrini ya seva halisi iwe na rangi nyingine kabisa. Bekapu irudishwe kwa majaribio kila mwezi ili mjue masaa 5 yanaweza kua dakika 40. Na hiyo kazi ya kuipanga mpe yule kijana mwenyewe asimamie akisaidiana na senia, maana hakuna mtu kwenye timu hiyo anayejua kwa undani kuliko yeye ile ajali ilitokeaje. Wazee walisema mchawi mpe mwana amlee, na mimi nimeliona likifanya kazi.

Rivyu yenyewe iachie timu. PR moja, mtu mmoja yeyote wa kuipitia, bas. Wewe ubaki na zile zinazogusa pesa, kuingia kwenye akaunti, na kufuta taarifa, na hata hizo usiwe peke yako. Mambo ya nafasi na mabano weka programu ya kupanga kodi iyapange yenyewe mtu akihifadhi faili, binadamu asitumie uhai wake kubishania nafasi, yale maoni yako 9 mengi yangeishia hapo. Mkubaliane kwamba ukifika asubuhi kabla hujafungua kazi yako unapitia PR ya mwenzako iliyolala, na ukirudi mapumziko ya mchana hivohivo. Na PR ziwe ndogo. PR ya mistari 80 mtu anaisoma kweli, anaiona ile ishu ya namba iliyoshatumika, PR ya mistari 1200 anaisogeza kwa kidole mpaka chini anaandika "iko vizuri" na moyoni anaomba Mungu.

Utaogopa kwamba vitu vibovu vitapita. Baadhi vitapita. Ndo maana muache kuweka hewani Jumatatu tu, muweke kila siku kidogokidogo, kwa sababu ukiweka kitu kimoja kikaharibika unajua ni kipi na unakirudisha nyuma dakika hiyohiyo, ukiweka vitu 15 kwa mkupuo kikaharibika kimoja mnaanza kutafuta mchawi. Watu wengi wanaamini kasi na usalama vinakulana, uongeze hiki upunguze kile, ila mtafiti Nicole Forsgren na wenzake wamelichunguza jambo hili miaka mingi kwenye timu nyingi sana za programu wakakuta timu zinazoweka vitu hewani mara kwa mara ndo hizohizo ambazo vitu vyao vinaharibika mara chache na vinapona upesi.

Sasa watu kushika simu. Mimi wakati naongoza timu yangu ya kwanza niliona kitu hichohicho na nikakasirika kama wewe, alafu mtu aliyenizidi umri akaniambia chukua daftari ukae pembeni ya developa mmoja asubuhi nzima, usiongee. Nikakaa. Saa 3 na dakika 10 kafungua faili. Saa 3 na 25 ujumbe umeingia, anaulizwa takwimu fulani, akaacha kila kitu akaitafuta mpaka saa 4. Saa 4 kikao, katoka saa 4 na 40, na nikamuona anarudi mwanzo wa faili lilelile analisoma upya toka juu kwa sababu kile alichokua amekishika kichwani kimeshamwagika. Saa 5 na 5 kaendesha testi, zinachukua dakika 35, zikafeli mahali asipopagusa. Kaziendesha tena, dakika 35 nyingine. Ni hapo ndo alipotoa simu, na ningekua napita tu kama saa 6 ningemuona na simu ningesema huyu mvivu. Asubuhi nzima alipata dakika 40 za kuandika. Na ule ujumbe wa saa 3 na 25 nlikua nimemtumia mimi, nimekaa palepale pembeni yake.

Kwa hiyo zile testi zako zinazofeli bila sababu usizichukulie kama kero ndogo. Kila moja inayofeli leo na kupita kesho bila kodi kubadilika, itoeni pembeni siku hiyohiyo, iandikwe mahali, mtu apewe wiki moja airekebishe au ifutwe. Timu ikishazoea kuona nyekundu (alama ya testi iliyofeli) na kusema "endesha tena tu", siku nyekundu ya kweli ikija nayo itaendeshwa tena. Vikao visogezwe viwe upande mmoja wa siku, na wewe mwenyewe maswali yako yakusanye, uyaulize mara moja mchana. Hilo la vikao ni rahisi, utalimaliza kesho.

Tuje kwenye orodha ya Ijumaa. Usiisome tena. Najua ni bosi kasema, ntakuambia namna ya kuongea nae, ila kwanza ujue kwanini. Mwaka 1982 Apple walikua wanatengeneza kompyuta ya Lisa na mameneja wakaleta fomu, kila mtu ajaze kila wiki kaandika mistari mingapi. Bill Atkinson, aliyekua anaandika programu ya michoro, wiki ile alikua ameifumua sehemu moja akaiandika upya kwa njia rahisi zaidi, ikawa na kasi karibu mara 6 ya mwanzo na imepungua mistari kama 2000. Fomu ilipomfikia akajaza -2000. Baada ya wiki chache wakaacha kumpa fomu. Sasa mchukue huyo huyo Atkinson umuweke kwenye orodha yako ya Ijumaa, angekua wa mwisho, chini hata ya yule dada yako.

Na yule dada ndo ananiuma kuliko yote kwenye barua yako. Umesema mwenyewe anawakwamua wote. Dakika anazokaa kwenye kiti cha mwenzake kibodi yake haiguswi, komiti inayotoka inatoka kwa jina la mwenzake, mistari anayofuta ni hasara kwake. Kila Ijumaa unasimama mbele ya watu unamwambia kwa namba kwamba kusaidia wenzake ni ujinga, na wale wengine 6 wanasikia. Wiki chache mbele wataanza kukomiti kila mistari 2, watanakili kodi badala ya kuifupisha, na hakuna atakayenyanyuka kumsaidia yule kijana. Orodha itapendeza na kazi hazitatoka.

Bosi wako usiende kumwambia kwamba vipimo ni vibaya, hatokusikia, na ana haki ya kutaka kujua pesa yake inafanya nini. Nenda na karatasi moja. Chora ile historia ya kitufe kama mstari, masaa 11 kwa rangi moja na 69 kwa rangi nyingine, mwambie hii ndo pesa inakolala. Alafu mpe vipimo vya timu nzima badala ya vya mtu mmojammoja: tangu mtu akomiti mpaka mteja aone inachukua siku ngapi, tunaweka hewani mara ngapi kwa wiki, katika tulivyoweka vingapi vimeharibika, na kikiharibika tunakirudisha baada ya muda gani. Mwambie akupe wiki 6 na kila Ijumaa utamletea hizo 4. Bosi wengi ninaowajua wakipewa namba inayowaonyesha kitu wanaiacha ile isiyowaonyesha.

Wale watu 3, kwa dedilaini hii, kataa kwa heshima. Fred Brooks aliongoza utengenezaji wa mfumo wa OS/360 kule IBM, mradi mkubwa kweli, na mwaka 1975 akaandika alichokiona kwa macho, kwamba ukiongeza watu kwenye projekti ya programu iliyochelewa unaichelewesha zaidi. Hesabu ni hii, watu 8 wana njia 28 za wawili wawili kuongea, wakiwa 11 njia ni 55, na kila mgeni atafundishwa na mtu ambaye sa hizi angekua anamaliza kazi. Mwalimu wao angekua nani? Yule dada anayetafuta kazi kwingine. Na PR zao zingekaa kwa nani? Mwambie bosi pesa ya mtu mmoja tu kwa mwezi mmoja iende kwenye seva za kuendesha testi, testi zikiisha upesi kila mtu atausikia unafuu. Wageni waje baada ya dedilaini, mmoja mmoja. Na dedilaini yenyewe mkae mpunguze vilivyomo, kwenye zile kazi 20 naamini zipo 5 au 6 ambazo mteja hata asingejua kama hazipo.

Umeniuliza kama kazi unaiweza. Ulikua mtu wa kumaliza mambo usiku kwa mikono yako na ulikua bora, na bado unaifanya kazi ile ya zamani, ila sasa unaifanya juu ya vichwa vya watu 7. Zile kazi ngumu unazojichukulia ndo zilezile ambazo zingemkuza mtu, alafu zinasubiri mpaka utoke kwenye vikao. Ziachie. Kodi usiache kuiandika, ila andika vitu ambavyo hakuna anayevisubiri, vijiprogramu vya kurahisisha kazi za timu, zile testi mbovu. Ukipata homa siku 3 timu isisimame. Mtu anayeweza kuniandikia "na mimi nlikua palepale nimekaa kimya" hicho kiti anakiweza, mwingine asingeliona hata hilo.

Na kuhusu hilo la kukaa kimya. Mtafute yule kijana, nyie wawili tu, umwambie kwamba siku ile ulitakiwa kusema na hukusema, na kwamba funguo zile hakutakiwa kupewa. Anakuuliza rangi ya kitufe kwa sababu mara ya mwisho alipogusa kitu peke yake alisemwa mbele ya watu mpaka sauti ikakata. Amy Edmondson aliwahi kufanya utafiti kwenye timu za manesi hospitalini, alitegemea timu bora ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta timu bora ndo zinazoripoti makosa mengi zaidi, na alipochimba akaona sababu ni kwamba kule watu hawaogopi kuyasema. Timu yako sa hizi hairipoti chochote, inakuuliza tu. Hofu ya mtu mmoja imegeuka PR kwenye foleni yako kila jioni.

Ila kabla ya kijana anza na dada senia, leo, usingoje wiki 6. Usimuahidi cheo wala pesa ambayo huna. Mwambie orodha hutaisoma Ijumaa hii na kwamba umeshaongea na bosi (kwa hiyo nenda kaongee kwanza), muombe msamaha kwa zile wiki 3, alafu muulize ni kitu gani kimoja kwenye timu hii angekibadilisha kama angekua kwenye nafasi yako, na akianza kuongea usijitetee hata kidogo, andika. Inawezekana ameshaamua kuondoka na ataondoka tu, na kama ni hivo muage vizuri. Lakini chochote atakachokutajia, kiwe cha kwanza kufanyiwa kazi na watu wakione.

Alafu ukipata PR ya kwanza iliyotoka mpaka kwa mteja bila wewe kuigusa, nitumie historia yake kama ulivyonitumia ya hiki kitufe, nataka nihesabu tena masaa.

Dada yako